Shamba Lililojaa Maji

Mimea ya kwanza niliyowanunulia samaki wangu niliichagua kama ninavyochagua vivumishi: nilitazama ipi inapendeza, nikachukua mingi kuliko niliyohitaji, na sikujiuliza kama kuna kiumbe atakayeweza kuishi ndani yake.

Wakati huo nilikuwa nakaa Kisii mjini, katika chumba kimoja karibu na Daraja Mbili, nikiandika riwaya yangu ya pili, au tuseme nikiwaambia watu kwamba naandika riwaya yangu ya pili. Kila Jumapili alasiri tulikutana waandishi vijana kwenye hoteli moja ya ghorofani. Tuliagiza chai, kikombe kimoja kila mtu, tukakikalia mpaka kipoe, tukazungumzia maji. Kosa lilikuwa langu. Riwaya yangu ya kwanza ilikuwa na ziwa ndani yake, na msomaji mmoja mkarimu aliandika kwamba mwandishi huyu anayajua maji kama mtu aliyezaliwa na matamvua ya samaki. Tangu hapo wenzangu walinigeukia kila maji yalipotajwa, nami niliinamisha kichwa kwa unyenyekevu. Ukweli ni kwamba nimezaliwa Ekerenyo, juu kilimani, katikati ya majani chai. Siwezi kuogelea. Ziwa lile nililiona kwa macho baada ya kitabu kuchapishwa, na nilisimama mbali.

Kisha Mama akapiga simu. Daktari alikuwa amemwambia Tata, yaani baba yangu, kwamba moyo wake umechoka. Kulima, kuchuma chai, kupanda mlima na kikapu mgongoni, yote hayo sasa ni kazi ya watu wengine. Tata alimsikiliza daktari vizuri, akamshukuru, akarudi nyumbani, akaweka kiti nje ya jikoni kikitazama chai yake ikichumwa na vibarua, akakaa. Hakuwa ameinuka tangu hapo ila kwenda kulala, kwenda kanisani na kwenda msalani. Alikula akiambiwa ale. Wakati wa maombi alisema amina, basi.

"Moyo siuogopi," Mama aliniambia. "Naogopa hicho kiti."

Ndugu zangu wakafanya kikao kwenye simu, na ingawa hatukuonana nilihisi wote wamegeuka kunitazama. Wao wana kazi, walisema. Dada yangu mkubwa alieleza kwa upole kwamba kazi yangu mimi inaingia kwenye mkoba, na kwamba kama ni kukaa bila kufanya chochote karibu na mtu, hakuna kati yetu mwenye uzoefu zaidi. Nikarudi Ekerenyo na kompyuta, sanduku la vitabu, na tangi la kioo lenye samaki.

Tangi lile nilikuwa nimeachiwa na mshairi mwenzetu aliyehamia Nairobi. Lilikuwa na samaki wadogo wenye mikia ya rangi, kila mmoja akiwa na urefu wa pingili ya kidole changu cha mwisho. Mshairi alinihakikishia kwamba hao ndio wasikilizaji bora kuliko wote, kwa kuwa hawapigi makofi na hawaondoki katikati. Alinionya jambo moja tu. Samaki wale hawatagi mayai, wanazaa, na wakishazaa wanawala watoto wao kabla hujamaliza kufurahi. Hakuwahi kuona hata mmoja akikua. Panda kitu cha kuwaficha, aliniambia, halafu akafunga buti la gari, akaenda zake kuwa mashuhuri.

Majuma ya kwanza nyumbani nilijaribu kumponya baba yangu kwa fasihi. Nilimsomea sura ya kwanza ya riwaya mpya, ile ambayo mvua inanyesha kurasa nne mfululizo. Alilala. Nilimsomea sura ya pili. Alikuwa bado amelala. Nikajaribu kunyamaza naye, maana niliwahi kuandika mahali fulani kwamba kunyamaza pamoja ni lugha. Inawezekana ni lugha, lakini yeye alikuwa anaijua na mimi niliikariri tu. Kabla ya chai ya saa nne nilikuwa nimeshakimbilia jikoni kumwuliza Mama kama kuna kuni za kupasua.

Siku moja, kwa kukosa la kufanya, nikashuka Kisii kutafuta mimea ya samaki.

Duka lilikuwa kwenye uchochoro nyuma ya wauza nguo, chumba kimoja chenye matangi yaliyopangwa hadi juu. Mwenye duka alikuwa mama kutoka kaunti za ziwani aliyemwita kila mteja mwalimu, bila shaka kwa sababu katika mji wetu mara nyingi anakuwa hajakosea. Aliniuliza samaki wangu ni wakubwa kiasi gani. Nikamwonyesha kidole. Akauliza kama nina taa ya tangi. Nikasema nina dirisha. Yalikuwa maswali ya maana, na kama ningeyafuata yangenifikisha kwenye mmea unaofaa. Lakini mimi sikwenda pale kufikishwa. Nilimwuliza ni mmea upi kati ya hiyo unaoonekana kama unakumbuka kitu.

Alinitazama kwa huruma ya mtu anayetaka kufunga duka mapema.

Nilichokipenda kilikuwa kinasimama na vingine vya aina yake tu katika tangi la pembeni: shina imara, majani mapana magumu, mekundu upande wa chini kama ulimi. Kilifanana na mgomba mdogo. Nikaona papo hapo samaki wangu wakipita chini ya migomba yao, kijiji kizima cha Wagusii ndani ya maji, na nikaona pia ukurasa ambao ningeuandika. Nikamwuliza kama mmea ule kweli unaishi chini ya maji.

"Si huo hapo, mwalimu," alisema. "Uko chini ya maji na haujafa."

Nikanunua yote ya aina hiyo aliyokuwa nayo. Akaifunga kwa gazeti lililoloweshwa, nikarudi nayo Ekerenyo nimeikumbatia kama bibi harusi.

Lazima nieleze kidogo kuhusu nyumba yangu. Kwetu kijana akishatoka jandoni hujengewa esaiga, nyumba yake ndogo kando ya boma, na hukaa humo hadi aoe. Baba haingii katika nyumba ya mwanawe aliye mtu mzima. Hakuna anayeeleza kwa nini. Ni heshima, na anayeuliza heshima ni ya nini ameshaikosa. Miaka yote ile Tata hakuwahi kuvuka kizingiti changu. Akinihitaji alisimama nje akakohoa, na kikohozi chake nilikijua vizuri kuliko jina langu.

Tangi nilikuwa nimeliweka mezani, chini ya dirisha. Alasiri ile nilikuwa nimezamisha mikono hadi viwikoni nikijaribu kusimika migomba yangu kwenye kokoto. Nilisimika mmoja, wa pili ukaibuka. Nilisimika wa pili, wa kwanza ukaelea hadi juu na kulala ubavu, kama mgeni aliyeamua kutobanduka. Nilikuwa naanza kuisemesha kwa ukali nilipoona kivuli dirishani.

"Mura," Tata alisema, akiniita kwa neno tunalomwitia kijana, "unafanya nini?"

"Napanda, Tata."

Akatafakari. "Kwenye kokoto?"

Yalikuwa ndiyo maswali yake ya kwanza tangu nirudi. Alikuwa njiani kuelekea msalani, na hakuendelea na safari. Aliweka viwiko vyote viwili kwenye ukingo wa dirisha akataka kujua mmea huu ni wa nini. Nikamwambia ni wa kuwafichia samaki watoto wao. Akauliza kama samaki wenyewe wanauzwa. Hapana. Wanaliwa? Hapana, Tata. Akayakusanya majibu yangu polepole, kama mtu anayemjumlishia mjinga.

"Kwa hiyo ni shamba lisilo na faida, limejaa maji, na hujatia mbolea."

Nilipomwambia mimea ya ndani ya tangi haitiwi mbolea, baba yangu alicheka. Alicheka mpaka akashika ukingo wa dirisha kwa mikono, mpaka Mama akatoka jikoni na mwiko unaodondosha uji ili aone ni nani anayecheka. Aliposhusha pumzi aliniambia kwamba tangu azaliwe hajaona mmea uliopandwa bila mbolea ukamshukuru mtu. Akanituma nyuma ya zizi nikachote samadi, si ile ya juu, ile ya chini kabisa iliyozeeka, kavu, isiyonuka, ambayo yeye huiwekea miche ya sukuma.

Naomba ieleweke kwamba nilikuwa nimesoma. Simu yangu ilikuwa imenieleza waziwazi kwamba samadi haiingii kwenye tangi la samaki. Lakini simu haina uso, na mbele yangu kulikuwa na uso wa baba yangu, umefunguka, una meno. Angeniambia nitie saruji, ningeuliza mifuko mingapi.

Nikatia samadi. Nikaitandaza chini ya kokoto kama alivyoelekeza, nikasimika migomba, na safari hii ikasimama.

Siku zilizofuata zilikuwa nzuri mno. Kiti kilihama kutoka nje ya jikoni kikaja chini ya dirisha langu. Asubuhi akishakunywa chai, Tata alikuja kukagua shamba. Alisema nimebananisha mimea kama ndugu waliogawana urithi. Alisema inaegemea jua, akanifanya nilizungushe tangi lote, na nilipolizungusha maji yakanimwagikia suruali, akasema angalau sasa kuna kitu kimenyweshwa vizuri. Mama alipita na kurudi bila sababu yoyote, akisikiliza. Nami, badala ya kuwatazama samaki, nilikuwa ndani naandika juu ya baba na mwana na kioo kilicho kati yao. Nilimpigia mshairi simu nikamsomea aya mbili. Akanyamaza kwa husuda, au simu yake ilikuwa imezima.

Sabato moja tuliporudi kutoka kanisani, harufu ilitupokea kabla ya mbwa.

Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa iliyolala. Samaki walikuwa juu kabisa, wamepanua midomo nje ya maji, kama kwaya iliyonyang'anywa sauti. Baadhi walikuwa wamelala ubavu. Ile migomba yangu, iliyokumbuka mambo mengi, ilikuwa imelainika kama kabichi iliyosahauliwa motoni. Nilipougusa mmoja, jani lilibaki mkononi. Haikuwa mimea ya majini hata kidogo. Ilikuwa mimea ya nchi kavu inayochelewa kufa, na kule dukani nilikuwa nimeikuta katikati ya kuchelewa kwake.

Nilikimbia na ndoo. Nilichota maji ya mvua kwenye pipa, nikawahamisha waliokuwa bado wanapumua, nikamwaga, nikasugua, nikatema mate. Tata alisimama dirishani akiwa na koti lake la kanisani mpaka nikamaliza. Waliobaki walitosha kuhesabiwa kwa vidole vya mkono mmoja. Aliinama, akakibeba kiti mwenyewe ingawa hatakiwi kubeba, akakirudisha nje ya jikoni, akakigeuzia kwenye chai.

Nilijaribu hila. Siku ya pili nilitoa kichwa dirishani nikamwita aje aone kama kokoto nimeziosha vizuri. Hila yangu ilikuwa ya mtoto wa darasa la kwanza, na aliijibu bila kugeuka.

"Hao samaki niliwaua mimi. Uliza mtu mwingine."

Nikaenda jikoni nikajikunja kwenye kigoda. Nilidhani Mama atanifariji. Ndivyo ningeandika ile sehemu. Alikuwa anakata mboga, na aliendelea kukata. Suala la mbolea hakuligusa. "Ulimtoa kwenye hicho kiti mara moja," alisema. "Mtoe tena." Alilisema kama mtu anayekuagiza maji kisimani.

Kwa mara ya kwanza tangu nichukue lile tangi, nikaamua kuwatazama wenye nyumba. Niliweka kidevu mezani, macho yangu yakalingana na macho yao. Ndani hamkuwa na kitu ila maji safi na kokoto. Samaki walikuwa wamejibana kwenye pembe moja, nyuma ya jiwe lisiloweza kumficha hata mmoja wao, na kila wingu lilipopita juu ya jua walishtuka. Midomo yao ni midogo kama tundu la sindano. Nikaelewa kwa aibu kwamba jani pana kwao si kivuli, ni ukuta, na hakuna anayejificha ndani ya ukuta. Walichohitaji ni kichaka: kitu chenye majani membamba yaliyosongamana, ambamo mtoto anapenya na mamaye anabaki nje akitafakari. Walihitaji kitu cha kuelea juu, kipunguze mwanga wa dirisha. Walihitaji mmea ambao hali yetu ya baridi haiusumbui na giza la esaiga haliukatishi tamaa. Na mbolea? Mbolea ilikuwemo. Walikuwa wanaitoa wenyewe usiku na mchana, na palitakiwa mmea wa kuila, si samadi ya kuiongeza. Tulikuwa tumefungulia ng'ombe ndani ya zizi lililojaa.

Bondeni kwa jirani kuna bwawa lililochimbwa wakati kila mtu alikuwa anachimba bwawa afuge samaki wa kuuza. Samaki waliisha, biashara ikaisha, bwawa likaachiwa vyura. Nilishuka asubuhi na ndoo, suruali nimeikunja magotini kwa namna niliyoiona inafaa. Ukingo ulikuwa wa utelezi. Sitaeleza nilivyoingia, ila niseme kwamba sikuingia kwa miguu. Wanawake waliokuwa wanachuma chai upande wa juu waliacha kuchuma.

"Mwandishi," mmoja akaniita, "kitabu kimeangukia humo?"

Mwingine akamwambia aniache, huenda ndiyo sura ya mwisho. Nilisimama, maji kifuani, mimi mjuzi wa ziwa, na nikaona kwamba nimeshikilia nilichokifuata: nyuzi ndefu za gugu la kijani, lisilo na mizizi, lenye majani membamba kama sindano yaliyozunguka shina, mfano wa mkia wa kindi. Juu ya maji vilielea vijani vidogo kama dengu. Nikajaza ndoo.

Nililiweka lile gugu kivulini siku kadhaa, nikibadilisha maji na kupekua uzi kwa uzi. Nilitoa konokono. Nilitoa ruba, na wawili walinitoa damu. Nilitoa mtoto wa kereng'ende mwenye taya za kutisha, ambaye angewala wote niliotaka kuwaokoa kisha akaruka zake. Ningependa kusema nilikuwa na subira. Nilikuwa na woga tu.

Ndani ya tangi halikupendeza. Lilionekana kama nywele zilizotolewa kwenye bomba la bafu lililoziba. Sikupata hata sentensi moja ya kuliandikia. Lakini kabla sijamaliza kukausha mikono, samaki walitoka kwenye ile pembe yao, mmoja mmoja, wakaingia ndani ya kijani kile, na hawakushtuka tena wingu lilipopita.

Tata alipita dirishani akienda msalani. Hakusimama.

Gugu likakua kama uvumi. Kila asubuhi lilikuwa limefika mahali ambapo jana halikuwapo. Lilijaza tangi hata maji yakawa giza, hata nikawa nawaona samaki kwa bahati. Mama aliniuliza kama ninamnenepeshea ng'ombe. Nilijua napaswa kulipunguza, nikawa naahirisha, kwa sababu katika samaki waliopona mmoja alikuwa jike mwenye tumbo kubwa kama punje ya haragwe, na alikuwa amejichimbia humo ndani.

Ijumaa moja alasiri nikamwona amesinyaa. Tumbo halipo. Nikabandika uso kwenye kioo nikatafuta mbele, pembeni, juu. Hakuna. Wale wakubwa walikuwa wanapita polepole kwa utulivu wa watu walioshiba. Basi, nikasema, wamewala. Nikaanza kutunga maombolezo, na nilikuwa nimefika kwenye nomino ya pili nilipopandwa na hasira, nikatumbukiza mkono, nikang'oa fungu zima la gugu, nikalitupa mezani.

Kitu kikaruka juu ya meza.

Niliinama. Kati ya nyuzi za kijani kulikuwa na macho mawili. Macho tu, madogo kuliko nukta, kama kwamba mwili ulisahauliwa njiani. Yakaruka tena.

Nikapiga kelele nikimwita Tata. Sikuwa na mpango wowote. Kama ningekuwa na mpango ningemwita Mama, ambaye ndiye husaidia. Nilisikia kiti kikianguka, nikasikia viatu, na baba yangu akatokea mlangoni akihema. Alisimama hapo hapo, vidole vya miguu kwenye kizingiti, mkono kwenye mwimo.

"Nyoka?"

"Mtoto," nikasema.

Akaangalia kitanda changu, akaniangalia mimi. "Mtoto wa nani?"

"Wa samaki, Tata."

Pumzi ikamtoka. Akaniambia kwa sauti ya kawaida, ile ya shambani, kwamba kama ni wa samaki basi mezani anafanya nini. Nikamrudisha majini kwa kijiko. Kisha tukaelewa wote wawili kwa pamoja: gugu lisipopunguzwa litawanyima hewa wote, na kila fungu la gugu lina watoto ndani yake. Tata akamwita Mama alete karai. Akaketi chini, nje ya mlango wangu, mgongo ukutani, akaweka karai katikati ya magoti. Nikachota maji ya tangi nikamtilia, nikamletea fungu la kwanza, nikaanza kulichambua.

"Toa mkono," alisema. "Unachuma kama mtu anayefukuza kuku."

Alishika uzi mmoja kwenye ncha, kwa vidole viwili, kama anavyoshika kichipukizi cha chai. Akauburuta polepole majini, akautikisa, akauinua kwenye mwanga, akauweka kando. Akachukua wa pili. Mara akasimama. Katika karai kulikuwa na kitu kinachojipinda. Tukakishika kwa kijiko, tukakihamishia kwenye kikombe changu cha chai, tukakiinamia kwa heshima kama wageni wa mtoto mchanga. Kikajining'iniza kwa mkia kwenye uso wa maji, kichwa chini. Tata alikitazama kwa muda mrefu.

"Huyu mwache tu," alisema. "Mama yake ni mbu. Atamfuata usiku."

Akacheka, nami nikacheka. Fungu lililofuata lilikuwa na macho ya kweli, na lililofuata pia. Mimi nilikuwa naingia na kutoka, naleta gugu lililojaa na kurudisha nyuzi chache zilizokwisha kupekuliwa. Katikati ya kazi akaniuliza ilikuwaje hili limekubali kukua bila mbolea. Nikamwambia mbolea inatoka kwa samaki wenyewe.

"Kumbe wana zizi lao," alisema. Akauinua uzi mwingine, akautazama pande zote. "Ungeniambia siku ile."

"Nilikuambia, Tata."

"Ulisema kidogo."

"Ulikuwa unacheka."

Mkono wake ulibaki ndani ya maji, umetulia, na macho madogo yalipita katikati ya vidole vyake kana kwamba navyo ni aina ya mmea.

Jua lilikuwa linaelekea nyuma ya kilima. Mama alikuwa amekwisha kupika na kufagia, amevaa kitambaa safi cha kichwani, na kitabu cha nyimbo kilikuwa mezani, kwa maana Sabato yetu huingia Ijumaa jua linapozama, na likizama kila kazi huachwa ilipo. Akaja kumwita. Alimkuta amekunja mikono ya shati hadi juu, maji yamemlowesha kifua, na nyuma yake, mbali nje ya jikoni, kiti kimelala chali kama alivyokiacha.

"Bado hatujamaliza wa chini ya tangi," Tata alimwambia bila kuinua kichwa.

Mama akalitazama jua. Akalitazama karai. Nilimwona akipima, na sijui alivyopima. Kisha akakusanya sketi yake, akachuchumaa upande wa pili, akauliza wanafananaje.

"Tafuta macho," Tata alimwambia. "Mwili bado haujafika."